Siku Niliyomkana Sista

Jumapili ile nilinyoa ndevu mara mbili. Mara ya kwanza saa moja asubuhi, mara ya pili saa tano, kwa sababu nilijitazama kwenye kioo nikaona bado sijawa mtu wa kwenda kukaa mbele ya baba wa mwanamke ninayetaka kumwoa. Mikono niliisugua kwa sabuni ya unga hadi ikawasha. Grisi ya miaka sita haitoki kwa asubuhi moja. Ilibaki chini ya kucha, nikaamua nitakaa nimekunja ngumi.

Kule gereji wananiita Spana. Sista hakulipenda jina hilo hata siku moja. Yeye aliniita "wewe" tu, lakini ungesikia alivyolitamka usingetamani jina jingine. Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali kubwa ya mji wetu, na kuanzia wagonjwa mpaka majirani wa kwao, wote walimwita Sista.

Baba yake alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alinikaribisha kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, kikiwa bado kinanukia vanishi, halafu akanyamaza. Aliyezungumza ni mdogo wake, dereva wa lori, mtu mnene wa vituko, ambaye hucheka kabla hajamaliza analolisema.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayemzuia binti yetu asilale," akasema yule baba mdogo. "Usiku kucha anachat. Shughuli yako nini, kijana?"

"Gereji, baba mdogo. Ila Ijumaa naripoti kambini. Nimechaguliwa jeshini."

"Jeshini!" Akajipiga paja. "Kaka, umesikia? Tumepata mwanaume! Haya, huko jeshini kwenye nini? Maana jeshi lina mambo mengi. Kuna wapishi, kuna wapiga tarumbeta. Jirani yangu mmoja alimpeleka mwanawe jeshini, mtaa mzima tukamsindikiza, kumbe anakwenda kusomea unesi! Dume zima, mabega kama kabati, linashika beseni la mkojo! Nikamwambia mama yake, si bora ungemnunulia gauni tukajua moja?"

Alicheka mpaka akatoa leso. Fundi seremala hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Haya tuambie," baba mdogo akaendelea huku akijifuta machozi. "Wewe wapi?"

Fomu yangu ilikuwa imeandikwa neno moja, kwa herufi kubwa: UUGUZI. Niliijaza kwa mkono wangu, Sista akiwa amekaa kando yangu akinirekebisha. Nilikuwa na muda wa kutosha kulisema neno hilo.

"Mizinga," nikasema. "Kikosi cha mizinga."

"Eeh! Hapo sawa!"

Kama ningeishia hapo, pengine ningeweza kujitetea. Lakini nilionja raha ya kusifiwa, nikaongeza. "Unesi si kazi yangu mimi, baba mdogo. Nishike beseni la mkojo na mikono hii? Hiyo tuwaachie wanawake." Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti, na ngumi nikazifungua ili aione mikono yenyewe.

Ndipo niliposikia glasi zikigongana. Sista alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, trei ya juisi mkononi.

Hakuidondosha. Alipita akaweka glasi mbele ya baba yake, mbele ya baba yake mdogo, kisha mbele yangu, kwa mkono uleule na adabu ileile. "Karibu," akaniambia. Akanitazama mara moja, vile anavyokitazama kipimajoto: alisoma, akaweka akilini, akaachana nacho.

"Mizinga," baba yake akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Haya."

Siku nyingine zote, nilipokuja kumwona getini kwao, Sista alikuwa akinisindikiza mpaka barabarani, na njia ya dakika tano tukaitembea nusu saa. Siku hiyo aliishia getini.

"Nimechoka," akasema. "Kesho nina zamu ya asubuhi."

"Sista, pale ndani nilikuwa..."

"Nenda salama."

*

Lazima niseme tulivyojuana, ili aibu yangu ieleweke ukubwa wake.

Mwaka uliotangulia, baba yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilazwa wodi ya Sista wiki saba. Wagonjwa walikuwa arobaini, wauguzi wawili kwa zamu, na baba hakuweza kujigeuza. Wiki ya pili mgongo wake ulianza kuchubuka. Sista hakuniuliza kama naweza. Alinisukumia beseni, akasema, "Njoo nikuonyeshe. Wewe ni fundi, una mikono."

Alinifundisha kumgeuza mtu bila kumvuta ngozi. Alinifundisha kuosha kidonda, kukikausha, kupanga mito chini ya mapaja, kutazama rangi ya mkojo na kuiandika. Nilikuwa nafunga gereji saa tisa, saa kumi niko wodini. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kuniita nao. Kuna mzee aliyekataa kuoshwa na mtu mwingine yeyote ila "yule kijana wa gereji". Sikuwahi kujiona nina maana duniani kama nilivyojiona kwenye wodi ile.

Baba alifariki, moyo ndio ulioshindwa. Lakini alizikwa na mgongo mzima, kidonda kimefunga. Sista ndiye aliyeniambia, siku tunamchukua: "Angalia mgongo wake. Hiyo kazi yako."

Nilijaribu vyuo vya kawaida mara mbili, nafasi sikupata. Ndipo Sista akaja na tangazo lililobandikwa hospitali: jeshi linatafuta vijana wa kusomea uuguzi, mwisho miaka ishirini na mitano, mafunzo miaka mitatu, na hawaruhusiwi kuoa mpaka wamalize. Mimi nilikuwa na ishirini na minne.

*

Jumatatu nilifika wodini saa ya kuona wagonjwa. Nilimkuta anatandika kitanda kilichoachwa wazi, akivuta pembe za shuka mpaka zikawa kali kama karatasi.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Shika upande huo."

Nikashika shuka. Tukatandika. Hakuniangalia.

"Baba yako mdogo alinichanganya, Sista. Vile alivyokuwa akicheka, ningesemaje? Nilitaka baba yako anione mwanaume. Nilipanga nimweleze baadaye, taratibu."

"Umweleze nini?"

"Kwamba ni uuguzi."

"Baba alikuwa anajua."

Shuka ikanitoka mkononi.

"Nilimwambia wiki nzima kabla hujaja," akasema, sauti chini ili wagonjwa wasisikie. "Nilimwambia, kijana anayekuja anakwenda kusomea uuguzi jeshini. Baba akaniuliza swali moja tu: ana mikono ya kazi hiyo? Nikamwambia anayo, nimeiona. Alifurahi. Na baba yangu hafurahi hovyo, umemwona. Akanyamaza pale sebuleni akingoja uliseme mwenyewe."

Niliona uso unawaka mpaka masikioni. Nilikumbuka lile neno lake, "Mizinga", na alivyolisema. Yule mzee alikaa kwenye kiti chake akanitazama nikidanganya, neno kwa neno, na akaniacha nimalize juisi yake.

"Mungu wangu," nikasema.

"Kuogopa nakuelewa. Baba mdogo anamtisha kila mtu." Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo wauguzi hawaruhusiwi. "Niambie kitu kimoja. Lile beseni ulilolicheka jana, wewe ulishika la nani?"

"Sista, tafadhali."

"La nani?"

"La baba."

"Kuna siku baba yako alijichafua ukamkuta hivyo. Akalia. Mtu mzima, akajifunika uso kwa mkono. Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... baba, hapa hakuna aibu."

"Nilikuwa nyuma yako nimebeba shuka safi. Nikakusikia." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hakuyaruhusu yamwagike. "Ile ndiyo siku niliyokupenda. Si siku uliyonichekesha getini, si siku uliyonipakia kwenye pikipiki. Ni siku ile. Jana umekaa kwenye kiti cha baba yangu ukaicheka."

Nilitaka kumshika mkono, nikaona sistahili hata kuunyoosha wangu.

"Basi siendi," nikasema. "Nabaki gereji. Tuoane mwaka huu, nitamwomba baba yako radhi, tuishi. Nitakuwa karibu nawe kila siku."

"Usinibebeshe mimi uoga wako!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Unajua lile tangazo nilikaa nalo mfukoni siku mbili kabla sijakuonyesha? Nilitaka kulichana. Nina miaka ishirini na saba. Rafiki zangu wote wanapeleka watoto shule. Miaka mitatu, wewe, unajua ni siku ngapi hizo kwa mwanamke anayeulizwa kila Jumapili ataolewa lini? Lakini nilikuonyesha. Nilisema, mtu mwenye mikono ile nikimficha, nitakuwa nimewaibia wagonjwa. Leo unaniambia hutaki kwa sababu mtu mmoja mnene alicheka?"

Kutoka kitanda cha pembeni, mzee aliyefungwa mguu kwa plasta akakohoa. "Kijana," akasema, "kama ulikuja kuomba msamaha, mbona unajitetea?"

Sista akainuka, akamnyoosha mto yule mzee, akaondoka kwenda kwa mgonjwa aliyekuwa akiita. Hakugeuka.

*

Siku mbili nilifungua na kufunga boliti bila kujua nafunga nini. Wenzangu waliniandalia soda ya kuniaga. Kwao nao nilikuwa nimesema naenda ufundi wa magari ya jeshi. Uongo wangu ulikuwa na matawi. Nilikunywa soda yao nikitazama chini.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye karakana ya fundi seremala. Alikuwa anapiga randa, maganda ya mbao yanaanguka miguuni pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shika huko mwisho."

Nikashika ubao, akaupima, akaukata kwa msumeno. Vumbi la mbao lilinijaa kwenye viatu. Alipomaliza ndipo nikasema.

"Baba, nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Anayedanganywa ni yule asiyejua."

"Najua sasa. Sista ameniambia. Nimeona aibu, baba, hata kuja hapa nilifika nusu ya njia mara mbili nikarudi."

"Umefanya vizuri kuona aibu. Ningekuwa mimi, ningehama mtaa." Alisema bila tabasamu, nikashindwa kujua kama ni utani. Akaegemea meza yake. "Sikiliza, mwanangu. Na unesi sina ugomvi. Mama yake huyu binti alipokuwa anaumwa, nesi mmoja wa kiume ndiye aliyembeba kumpeleka kujisaidia, kwa heshima, kama anabeba mama yake. Mpaka kesho nikikutana naye nasimama. Uoga nao nausamehe, wote tumewahi kuogopa. Kilichonikwama hapa," akajigusa kooni, "ni kule kucheka. Binti yangu amesimama mlangoni, miaka mitano anashika mabeseni hayo, chakula cha nyumba hii kinatoka humo, na wewe ukacheka."

Niliinama. Machozi yalinishuka, nikayaacha.

"Nataka kumwambia na baba mdogo," nikasema. "Yeye ndiye niliyemdanganya kweli."

"Yuko safarini, anarudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo sitakuwepo."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akapiga, akaweka spika, akaniwekea juu ya meza katikati ya misumari.

"Kaka!" sauti ikapaa juu ya mlio wa injini.

"Baba mdogo, shikamoo. Ni mimi, Spana, yule kijana wa Jumapili. Nilikuambia naenda mizinga. Si kweli. Naenda kusomea uuguzi."

Halafu kicheko. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Beseni! Spana wa beseni! Jamani, nitaanguka na lori!"

Zamani ningekata simu. Nilisimama nikakisikiliza chote, hadi kikaisha chenyewe.

"Ndiyo, baba mdogo. Beseni. La baba yangu nililishika wiki saba. Kuna mengine nilisema siku ile kuhusu kazi ya wanawake. Nilisema upuuzi, na Sista alisikia. Nakuomba radhi kwa kukudanganya."

Injini ikanguruma peke yake.

"Mzee wako alikuwa na nini?" akauliza, sauti imebadilika.

"Nyonga, baba mdogo."

"Ah. Mimi mgongo ndio unaniua. Nikishuka kwenye lori nashuka kama bibi kizee. Hivi mgongo unachuliwaje?"

Fundi seremala akachukua simu yake akaikata. "Haya," akaniambia. "Ya kwako umeyasema. Ya binti yangu mimi siyasemi, kayasikie kwake." Akarudi kwenye randa.

Nilipita wodini. Nikaambiwa Sista yuko chumba cha upasuaji, hatoki leo. Sikujua kama ni kweli, na sikuwa na uso wa kuuliza mara ya pili.

*

Ijumaa uwanja wa kambi ulikuwa umejaa vijana na mabegi. Sajini mmoja mfupi, sauti kama honi, alikuwa anatupanga.

"Udereva kulia! Ufundi kushoto! Uuguzi hapa mbele yangu! Kimbia!"

Mbele yake walisimama wasichana tisa. Nilianza kutembea. Nyuma yangu mtu akapiga mbinja, wengine wakacheka. Sajini akaniangalia kucha.

"Wewe fundi?"

"Ndiyo, afande. Magari."

"Mbona uko huku? Mafundi nina upungufu. Ufundi ni miezi tisa, ukimaliza unaoa, unapewa nyumba. Huku ni miaka mitatu unalala bwenini kama kuku. Nikubadilishie sasa hivi? Kalamu hii hapa."

Miezi tisa. Akilini nilimwona Sista akitoka kwa baba yake, nikamwona kwenye nyumba yetu, kabla mwaka haujaisha. Hakuna ambaye angenilaumu. Baba mdogo angenisindikiza kwa shangwe, na mbinja ile nyuma yangu ingekoma palepale. Nilitamani, sitasema uongo tena. Niliitazama ile kalamu.

"Hapana, afande. Uuguzi."

"Sema tena, hawajasikia wale wanaocheka!"

"Uuguzi, afande!"

"Ingia mstarini."

Tuliandikishwa, simu zetu zikakusanywa, tukaambiwa tuna robo saa ya kuaga waliokuja. Mimi sikutegemea mtu. Nilikuwa nafunga begi nilipoona viatu vyeupe vya wodini vimesimama mbele yangu.

Alikuwa na sare yake ya kazi, saa imening'inia kifuani, jasho usoni.

"Nimeomba saa moja kwa mwenzangu," akasema. "Sikuja kukuaga. Nilikuja kuona umesimama mstari gani."

"Umeona?"

"Nimeona. Na yule sajini nimemsikia, nani asiyemsikia." Midomo yake ilitaka kutabasamu, akaizuia. "Baba mdogo amenipigia jana, ananiuliza dawa ya mgongo. Hajasema neno jingine."

"Sista, nilikosea. Sina utetezi. Kila nikifumba macho naiona ile trei."

"Na mimi naiona."

Tulisimama. Kutuzunguka watu walikuwa wanakumbatiana, akina mama wanalia. Kati yetu palikuwa na hatua moja, na sikuthubutu kuimaliza.

"Utaningoja?" nikauliza.

"Usiniulize hilo leo. Leo nikijibu nitajibu kwa hasira, au kwa huruma, na vyote viwili vitatudanganya."

"Basi niruhusu niandike. Simu wamechukua."

Alifikiri. Akanitengenezea kola ya shati, haraka, kama anavyomtengenezea mgonjwa anayepelekwa kupimwa, halafu akaurudisha mkono wake kana kwamba umeungua.

"Andika," akasema. "Lakini usiniandikie mapenzi, hayo najua unayaweza. Niandikie wagonjwa. Yule uliyemgeuza, yule aliyekataa kula, yule aliyekufa mikononi mwako ukakosa la kusema. Niandikie na siku ulizoona aibu. Nitasoma zote."

"Na kujibu?"

"Nimesema nitasoma."

Sajini akapuliza filimbi. Niliingia kwenye basi, nikapata kiti cha dirishani kati ya wasichana wawili waliokuwa wakilia. Sikuwa na furaha, na nilijua sina haki ya kuwa nayo. Injini ikawashwa. Nikageuza shingo nikitegemea kuona mgongo wake ukielekea getini, maana saa yake ya ruhusa ilikuwa imekwisha.

Alikuwa palepale, juani. Aliitazama saa ya kifuani, akatazama basi, akaitazama tena saa. Wodi nzima ilikuwa inamngoja, na hakuondoka.